Rasimu ya kanuni za ardhi ya mboji: nani ashike maji?

Nuru_W ameuliza:

Wadau, habari zenu. Naomba msaada wa watu waliowahi kuikanyaga ardhi ya mboji kwa miguu yao, maana waliosoma makaratasi tunao wa kutosha.

Nimo kwenye kamati ya watu saba. Tumepewa wiki tatu kutoa maoni kuhusu rasimu ya kanuni za kulinda na kusimamia ardhi ya mboji. Kwa anayelisikia neno hili mara ya kwanza, siyo ile mboji ya shimoni tunayotia bustanini. Nazungumzia udongo mweusi wa kinamasi, mabaki ya mimea yaliyolala majini maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa kwa sababu hewa haiwafikii wadudu wanaoozesha. Tabaka huongezeka kama milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo mita moja ni kazi ya miaka elfu. Wenzangu wawili kwenye kamati walisoma nusu ya rasimu wakidhani inahusu mbolea. Siwalaumu, hakuna ibara inayoeleza.

Uzito wa jambo ninao. Ardhi hii ni kama asilimia 3 hadi 4 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini imefungia kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Tathmini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba karibu asilimia 12 imeshaharibiwa, na hiyo iliyokaushwa inatoa takriban asilimia 4 ya gesijoto zote zinazotokana na binadamu. Hapo sina ubishi.

Ninapokwama ni kwenye utawala wenyewe. Rasimu ina kurasa 31, na zaidi ya nusu ni faini na vifungo. Kuhusu mamlaka inasema wizara ya mazingira "itaratibu". Kibali cha kulima kitatoka kilimo, cha kukata miti kitatoka misitu, cha mfereji kitatoka maji, cha kuchimba kitatoka nishati. Sasa anayeratibu atamzuia nani?

Maswali yangu ni matatu. Nani awe na neno la mwisho? Kanuni itumie kipimo gani, kina cha mboji au kina cha maji? Na je, inatosha kuchora mpaka wa hifadhi na kusimika mabango? Mwenzetu mmoja anashikilia hilo la mwisho: tuchore, tusimike, tuajiri walinzi, basi. Anaongea vizuri na wengi wanaelekea kumfuata.

Mpima_Kina amejibu:

Dada Nuru, asante kwa kulileta. Nimepima maji kwenye ardhi ya mboji miaka tisa, nitakujibu kutokea huko huko kwenye tope.

Nianze na la mabango kwa kuwa ndilo litakalowapoteza. Mboji inayolishwa na mvua huinuka katikati kama mgongo wa kobe, na maji yake yako juu kuliko mito iliyoizunguka. Mtu akichimba mtaro pembeni, hata nje kabisa ya mpaka wenu, maji ya katikati huanza kuufuata. Mwaka wa kwanza hamtaona kitu. Nimewahi kufika kwenye hifadhi yenye walinzi waaminifu, hakuna hata mti mmoja uliokatwa, na chini palikuwa pamekauka kwa sababu ya mtaro uliopita ng'ambo ya barabara. Barabara nayo msiisahau. Tuta likipita juu ya mboji bila makalvati ya kutosha, upande mmoja miti hufa kwa kuzama na upande wa pili hufa kwa kiu. Aliyesaini barabara hiyo wala hakuwa na habari kwamba anasaini jambo la mboji.

Indonesia ililipia somo hili kwa bei kubwa. Mwaka 1995 serikali ya Suharto ilianza mradi wa kugeuza kama hekta milioni moja za Kalimantan ya Kati kuwa mashamba ya mpunga. Ikachimbwa mifereji ya maelfu ya kilomita. Mpunga haukustawi, mboji ikakauka, na ukame wa El Niño ulipofika mwaka 1997 moto ukaingia. Watafiti walikuja kukadiria kwamba moto wa mwaka ule nchini humo, wa mboji na misitu yake, ulitoa kati ya tani bilioni 0.81 na 2.57 za kaboni. Mradi ukafutwa lakini mifereji ikabaki wazi, ikaendelea kunyonya. Mwaka 2015 nchi ikaungua tena, hekta milioni 2.6, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16.

Angalia walichobadilisha kwenye sheria. Kanuni ya serikali namba 71 ya 2014, iliyokazwa na namba 57 ya 2016, inaitazama mboji kama mwili mmoja wa maji: eneo lote lililo kati ya mto na mto, au mto na bahari. Mpaka wa wilaya au wa shamba haukati kitu hapo. Angalau asilimia 30 ya kila eneo la namna hiyo, kuanzia kwenye kilele chake, ni lazima ilindwe, na mboji yenye kina cha kuzidi mita 3 vilevile. Kwenye sehemu inayoruhusiwa kulimwa, maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa ardhi. Kwa hiyo kwa swali lako la pili, mnahitaji vyote viwili. Kina cha mboji kinakuambia pa kutogusa, kina cha maji kinakuambia kama pale palipoguswa panapona au panakufa.

Hapo kwenye 40 naomba ukae nami kidogo, kwa sababu watu huiandika namba na kudhani wamemaliza.

Namba hiyo inasomwa kwenye bomba. Ni bomba la plastiki la kawaida, limetobolewa matundu pembeni, limesukumwa hadi kwenye udongo mgumu ulio chini ya mboji. Unaingiza mpira mwembamba wenye alama za sentimita huku unapuliza kwa mdomo. Ukisikia maji yanatokota, umeyafikia. Unasoma alama, unatoa urefu wa bomba uliochomoza juu ya ardhi, umepata kina. Mtoto wa darasa la tano anafundishika asubuhi moja.

Mwaka mmoja nilitumwa kuhakiki taarifa za mwenye kibali wa shamba kubwa. Taarifa zake za miezi kumi na minne zilisomeka 38, 37, 38, 39, 38. Masika na kiangazi sawasawa. Nilipofika nikakuta mabomba yote sita yamesimamishwa hatua chache kutoka mtaro mkuu, juu kidogo ya kizuizi, mahali maji yanapotuama. Namba za kwenye daftari zilikuwa za kweli kabisa. Nikatembea hadi katikati ya kitalu, mbali na mtaro wowote, nikachomeka bomba langu, nikangoja mpaka kesho yake maji yatulie, nikapuliza. Sentimita 86.

Nikachukua pia tope kiganjani. Kuna njia ya zamani ya yule Msweden, Lennart von Post: unakamua mboji mkononi na kutazama kinachotoka katikati ya vidole. Ikiwa nzima, yanatoka maji karibu meupe na nyuzi za mimea zinabaki. Ikiwa imekwisha, inapenya yote vidoleni kama uji, hubaki na kitu. Yangu ya juu haikukamulika hata kidogo. Ilikuwa kavu, inavunjika kama mkaa, na nilipoimwagia maji ya chupa yaliteleza pembeni bila kuingia. Mboji ikikauka kiasi hicho hukataa maji. Hata mvua ije, hairudi ilivyokuwa.

Nikaandika ripoti. Ofisi niliyoipelekea ikasema maji si yao. Ya maji ikasema hilo ni shamba, ni la kilimo. Kilimo wakasema kibali kilitoka ardhi. Jalada lilizunguka miezi mitano, na mwezi wa sita moto ukaingia. Moto wa mboji hauna mwali wa kuuona kwa mbali. Unatembea chini, moshi mweupe unafuka kwenye nyufa, unakula mizizi mpaka mti unaanguka wenyewe bila upepo. Nilikanyaga mahali palipoonekana pazima, buti likazama hadi gotini kwenye majivu ya moto. Kovu la kifundoni ninalo. Vijana tuliokuwa nao walikohoa wiki nzima, na wale walikuwa na afya. Kijiji kilichokuwa upande unakoelekea upepo kilikuwa na wazee na watoto wachanga.

Hakuna mtu kwenye zile ofisi nne aliyevunja sheria. Kila mmoja alisoma kifungu chake vizuri. Ndiyo maana neno "itaratibu" linanipa hofu.

Kwa hiyo mkiandika kina cha maji, andikeni na bomba liwekwe wapi: katikati ya mtaro na mtaro, mahali maji yanaposhuka zaidi, na idadi ya chini kwa kila hekta kadhaa. Andikeni nani anasoma, kila baada ya siku ngapi, na kwamba mtu wa kijijini anaruhusiwa kuingia na kupuliza mpira wake. Namba zibandikwe hadharani ndani ya wiki. Na muhimu kuliko vyote, andikeni ni nani anayeweza kuamuru mtaro uzibwe namba ikivuka, siku hiyo hiyo, bila kuomba ruhusa ya wizara nyingine. Indonesia walianzisha chombo maalumu Januari 2016, chini ya rais moja kwa moja, kikapewa kazi ya kurudisha hekta milioni 2 katika majimbo saba. Kilifanya kazi kubwa ya kuziba mifereji. Lakini ndani ya mashamba yenye leseni mikono yake ilikuwa mifupi, kwa sababu leseni zilibaki kwenye wizara. Jifunzeni hapo.

Wakili_Ardhioevu amejibu:

Namuunga mkono Mpima_Kina, naongeza ya upande wa sheria kwa ufupi.

Kwanza tafsiri. Rasimu isipoeleza mboji ni nini, kesi ya kwanza tu itawaangusha. Indonesia wanahesabu kuanzia unene wa sentimita 50. Watafiti walioichora ile kubwa ya Bonde la Kongo walianzia sentimita 30 zenye angalau asilimia 65 ya mabaki ya mimea. England, kwenye kanuni za kuzuia uchomaji za 2021, waliweka sentimita 40, mwaka 2025 wakashusha hadi 30. Kila sentimita mnayoipandisha ni maelfu ya hekta mnazozitoa nje ya ulinzi, tena zile za ukingoni ambako mtaro huanzia. Ningeshauri 30.

Pili, msitegemee mkataba wa kimataifa uwafanyie kazi. Mkataba wa ardhioevu wa Ramsar, uliosainiwa tarehe 2 Februari 1971, unaihesabu mboji kuwa ardhioevu na unataka itumiwe kwa busara. Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la mboji mwaka 2019. Ni mambo mema, lakini mkataba wa dunia wa mboji peke yake, wenye meno, haupo. Meno ni ya kwenu.

Tazameni Kongo hiyo hiyo. Ramani ya kwanza ilichapishwa Januari 2017. Hesabu mpya ya 2022 ilitoa kilomita za mraba 167,600 na takriban tani bilioni 29 za kaboni, theluthi mbili ya eneo ikiwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na iliyobaki Jamhuri ya Kongo. Machi 2018 nchi hizo mbili zilisaini Azimio la Brazzaville pamoja na Indonesia, wakikubaliana kuilinda. Sehemu kubwa, Ngiri-Tumba-Maindombe, iko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2008. Pamoja na hayo yote, Julai 2022 Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu 27 vya mafuta, na baadhi viliangukia juu ya mboji. Zabuni ilifutwa Oktoba 2024, halafu mwaka 2025 vikatangazwa vitalu vingine 52. Sisemi hili kumnyooshea mtu kidole. Nchi ile ina haki ya kuuliza dunia italipa nini ili mafuta yabaki chini. Ninachokionyesha ni kwamba saini ya mazingira haikuifunga kalamu ya nishati.

Kwa hiyo kwenye rasimu wekeni sentensi moja: kibali chochote cha matumizi ya ardhi ya mboji kilichotolewa bila ridhaa ya maandishi ya mamlaka husika ni batili tangu mwanzo. Hayo maneno "batili tangu mwanzo" msikubali yaondolewe. Mahakama inajua la kufanya nayo.

Na faini zenu ndefu zipunguzeni. Kampuni moja ya michikichi huko Aceh, Indonesia, ilihukumiwa mwaka 2014 kulipa rupia bilioni 366 kwa kuchoma mboji, Mahakama ya Juu ikathibitisha 2015. Kesi ilishinda kila ngazi, na bado fedha zilisumbua miaka mingi kukusanywa. Dhamana ya fedha inayowekwa kabla ya mtaro kuchimbwa ina nguvu kuliko faini ya baadaye.

Mwana_wa_Mtaro amejibu:

Salaam. Nimesoma yote nikasema nami niandike, maana hamjasikia mwenye shamba.

Mimi nalima juu ya mboji. Mtaro wetu mkubwa alichimba marehemu baba. Hakujificha. Maofisa walikuja na ramani, wakampimia, wakampa cheti cha mkulima bora na picha akapigwa. Leo kanuni inakuja kuniita mharibifu kwa mtaro ule ule. Mnielewe nikisema inauma.

Uharibifu ninauona kuliko ninyi. Banda la zana baba alilijenga juu ya nguzo zilizofika udongo mgumu. Nilipokuwa mtoto tulipanda ngazi moja kuingia. Sasa ni ngazi nne, ya nne niliipigilia mwenyewe mwaka jana. Banda halijapanda, ardhi ndiyo imeshuka. Kila baada ya miaka michache natakiwa kuchimba mtaro zaidi ili mazao yasife, na nikichimba ardhi inashuka tena. Mvua kubwa sasa maji ya mto yanataka kuja kwangu badala ya yangu kwenda mtoni. Najua mwisho wa hii njia.

Lakini swali langu ni hili. Mnaposema "mtaro uzibwe siku hiyo hiyo", mimi siku hiyo hiyo nakula nini? Nina mkopo. Nina wafanyakazi wanane. Rasimu ya Nuru ina kurasa 31, kuna ukurasa hata mmoja wa hilo?

Mpima_Kina amejibu:

Ndugu yangu, pole kwa baba, na asante kwa kusema wazi. Lile agizo la siku hiyo hiyo niliandika nikiwa na yule wa sentimita 86 kichwani, aliyekuwa anajua anachofanya. Wewe si yule, na kanuni inayowatia ninyi wawili kapu moja itakuwa ya dhuluma. Naomba Nuru alichukue hili kama nilivyochukua mimi.

Hizo ngazi zako ni kipimo cha kweli kuliko ripoti nyingi. Huko Holme Fen, England, mwaka 1851 walizika nguzo ya chuma kwenye mboji mpaka ncha yake ikawa sawa na uso wa ardhi, kisha wakakausha ziwa la jirani. Leo nguzo imesimama kama mita 4 hewani. Ni mboji iliyogeuka hewaukaa na kujikandamiza, ikiondoka chini ya miguu ya wakulima vizazi kwa vizazi.

Habari njema kwako ni kwamba huhitaji kuzamisha shamba lote kesho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kila sentimita 10 unazopandisha maji zinapunguza angalau tani 3 za gesijoto kwa hekta kwa mwaka, ukihesabu kwa uzito wa hewaukaa, mpaka maji yafike kama sentimita 30 kutoka juu. Kwa hiyo hata nusu ya safari ina faida. Vizuizi hupangwa kwa ngazi kwenye mtaro, kila kimoja kikishikilia tofauti ndogo ya maji, maana kizuizi kimoja kirefu hupigwa na maji yakatokea pembeni kupitia mboji laini. Ni mbao, magunia na udongo wa mboji yenyewe. Maji yakirudi juu, methani, gesijoto nyingine, nayo huongezeka, hilo sitakuficha, lakini methani haidumu angani kama hewaukaa, na kila mwaka wa kuchelewa kuziba unaongeza mzigo usioondoka.

Kuna mimea inayokubali kulimwa na maji yakiwa karibu na uso: matete ya kuezekea, mafunjo, kuvumwani ya kinamasi inayotumika badala ya mboji ya vitaluni, na misago huko Asia. Ujerumani na Uholanzi wanatengeneza hata mbao za kuzuia baridi ukutani kutokana na mimea ya kinamasi. Soko bado ni dogo. Kumwambia mtu abadili zao bila mnunuzi ni kumtupa mtaroni, kwa hiyo hilo ni jukumu la serikali kabla ya kuwa lako.

Umoja wa Ulaya, kwenye kanuni yake ya 2024 ya kurudisha mazingira, umezitaka nchi zishughulikie asilimia 30 ya ardhi ya mboji iliyokaushwa kwa kilimo ifikapo 2030, 40 ifikapo 2040 na 50 ifikapo 2050, na robo ya ile ya mwanzo irudishiwe maji. Lakini mkulima mmoja mmoja halazimishwi kurudisha maji shambani kwake. Nchi ndiyo inayobeba wajibu, na inapaswa kumvutia kwa malipo. Mpangilio huo naupenda.

Na kuna mfano wa Rugezi, Rwanda. Kinamasi chenye mboji kilikaushwa kwa kilimo, na miaka ya 2003 na 2004 kituo cha umeme cha Ntaruka kilicho chini yake kikapungukiwa maji. Ukame ulichangia, na uendeshaji wenyewe pia. Serikali ikazuia kilimo na mitaro kinamasini, maji yakarudi, na nchi ikatunukiwa tuzo mwaka 2010. Husimuliwa hivyo. Lakini waliokuwa wakilima mle na kukata majani ya mifugo walitolewa, na kwao miaka ile ilikuwa migumu. Umeme ulirudi kwa mji, gharama ilibaki kwa aliyekaa kando ya maji. Ningetamani rasimu ya Nuru iweke ibara inayosema anayefaidika na maji amlipe anayeyashikilia.

Nuru_W amejibu:

Wakuu, asanteni. Nimechapisha mjadala huu wote nikaupeleka kikaoni jana.

Tafsiri imeingia, sentimita 30. "Itaratibu" tumeifuta, mahali pake pameandikwa ridhaa ya maandishi, na "batili tangu mwanzo" imepita kwa kura nne kwa tatu. Mpaka wa eneo la ulinzi sasa unafuata mto na mto. Mwenzetu wa mabango alikaa kimya mpaka niliposoma habari ya mtaro wa ng'ambo ya barabara, akaomba nirudie, kisha akasema anajua barabara mbili za namna hiyo.

Tumegawa wenye mitaro mafungu mawili. Waliochimba kwa kibali na maelekezo ya serikali watapewa muda wa miaka sita, vizuizi kwa gharama ya umma, na fidia ya mazao. Dhamana ya fedha ni kwa maombi mapya. Mwana_wa_Mtaro, ukurasa huo haukuwepo. Sasa upo, ni wa 12, na ningeomba uje kikao kijacho uwaeleze habari ya ngazi nne kwa mdomo wako. Nauli nitaihangaikia.

Mpima_Kina, limebaki moja. Tumeruhusu wanakijiji kusoma mabomba wenyewe. Wanauliza: bomba likisimikwa, watajuaje kwamba halijasogezwa?

Mwana_wa_Mtaro amejibu:

Nitakuja.

Mpima_Kina amejibu:

Lisimikwe mpaka ligonge udongo mgumu, uusikie mkononi. Likiishia ndani ya mboji litashuka pamoja nayo na hamtajua kitu. Siku hiyo hiyo, mbele ya watu, mkwaruzie bomba alama kwa msumeno usawa wa uso wa ardhi, pande zote mbili, na tarehe iandikwe kwenye daftari la kijiji na la mamlaka. Pimeni umbali wake kutoka mitaro yote miwili kwa futikamba, nao uandikwe. Mtu akilihamisha, umbali utamsema. Na kila mwaka tarehe ile ile mrudi mtazame alama. Ikiwa bado iko usawa wa ardhi, maji yanashikiliwa. Ikianza kuonekana juu, pimeni pengo kwa rula na mlibandike ukutani pamoja na zile namba nyingine.